Ukiteleza kwenye intavyuu, jinasue hivi

Watu wengi wanajiandaa na maswali tu, "tuambie kuhusu wewe" na yale ya miaka mitano ijayo, alafu wanakuja kuharibikiwa kwenye vitu ambavyo hakuna aliyewafundisha, yani salamu, kiti, simu, na jinsi ya kumwita yule mama aliyekaa katikati. Nimekaa upande wa paneli mara kadhaa hapa Dar na kwa nilivyoona, kuteleza kwenyewe ni mara chache kumnyima mtu kazi, shida ni pale anapoteleza alafu akili inabaki kwenye lile kosa mpaka majibu aliyokuwa anayajua vizuri kabisa yanapotea.

Salamu ndio pagumu. Unaingia unakuta watu watano, wawili umri wa wazazi wako, mmoja rika lako, mwingine pengine umemzidi. Kuna kijana aliingia akaanza kuzunguka meza, shikamoo na mkono kwa kila mtu, akafika kwa dada mmoja mwenye hijabu akanyoosha mkono, dada akaweka wa kwake kifuani akatabasamu, basi mkono wa kijana ukabaki hewani, akaurudisha taratibu akaanza kujifuta jasho na toka hapo sauti ikawa haitoki. Iliniuma maana vyeti vyake vilikuwa vizuri. Kwahiyo we simama karibu na kiti, sema "Shikamooni" mara moja kwa wote kama kuna wakubwa, au "Habari za asubuhi" kama unaona mnalingana, inatosha. Mkono usitangulize wewe. Na kama umeshautoa haujapokelewa, na wewe uweke kifuani, inamisha kichwa kidogo, endelea, hiyo kwetu ni salamu kamili. Usikae mpaka uambiwe karibu, wakisahau uliza tu "naweza kukaa?"

Ukikuta unamfahamu mmoja wao, mwalimu wako wa zamani au jirani, msalimie kama wengine. Ukisema "anko za siku!" umemweka pabaya mbele ya wenzake, wataanza kujiuliza nani kakuleta. Kama ni ndugu wa karibu kabisa mwambie mtu wa HR kabla hujaingia, wapange wao wenyewe. Na achana na "bosi", "mkuu", "mheshimiwa", aliyejitambulisha kuwa mwenyekiti mwite mwenyekiti.

Simu zima kabisa, usiweke vaibresheni, maana juu ya meza inasikika na simu nyingi alamu inalia hata ikiwa sailenti. Ikilia, itoe, zima bila kuangalia nani kapiga, sema "naomba radhi" mara moja urudi kwenye swali. Usianze kueleza kuwa ni mama anaulizia umefika.

Macho nayo. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa na sio vibaya, ila mezani pale mtazame aliyekuuliza wakati anauliza, alafu ukijibu wagawie na wengine, ukitazama chini muda wote wanaona kama huna uhakika na unachosema.

Swali likija kwa Kiingereza ukakwama, usianze sentensi ukaikata ukaanza nyingine. Omba arudie, au uliza kama unaweza kufafanua kwa Kiswahili, wakikataa tumia sentensi fupi fupi. Ukisahau kila kitu omba maji kama yapo mezani, kunywa taratibu, hakuna anayekuhesabia.

Bosi wa zamani usimseme. Mshahara usijibu "chochote mtakachonipa", taja kiwango cha chini na cha juu ambacho umeshakifikiria ukiwa nyumbani.

Kwa usaili wa serikali aibu nyingi inatokea kabla hata ya chumba, pale kwenye kukagua vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi njoo na vyeti halisi na kitambulisho, na karatasi za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya cheti, bado utamkuta mtu anagombana na mkaguzi foleni nzima inamtazama. Kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti na NIDA, shughulikia hati ya kisheria mapema, sio asubuhi ile.

Ya mtandaoni angalia jina la akaunti yako kabla ya kuingia, "Mama Junior" badilisha kwanza, na mtandao ukikata watumie ujumbe hapo hapo kuwa unarudi.

Ukikumbuka ukiwa nje kwamba ulimwita mtu jina lisilo lake, usirudi kugonga mlango wala usitume meseji ndefu ya kuomba msamaha. Kwenye imeili ya kushukuru andika jina lake sahihi, basi.