SOMO: Kuchagua vifaa vya kompyuta ya kwanza ya kujiundia, mfuko ukiwa mwembamba

Wakuu, wengi wanaoanza hukimbilia kadi ya grafiksi. Mwenye hela ndogo aanze na prosesa, maana hiyo ndiyo inayoamua mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), na mazabodi inaamua RAM (kumbukumbu ya muda).

Hatua ya 1: Prosesa. Tafuta yenye grafiksi ndani yake, kadi utanunua ukijaliwa. Ryzen 5 5600G ya AMD, ya mwaka 2021, bado inafanya kazi vizuri: kori 6, wati 65, na ya boksi huja na feni yake. Soma herufi ya mwisho. 5600 bila G haina grafiksi. Upande wa Intel, i3-12100 inayo, 12100F haina. Ukiambiwa dukani "ni ileile tu", rudisha boksi.

Hatua ya 2: Mazabodi. 5600G inakaa kwenye soketi ya AM4. Bodi ya aina ya A520 inatosha, ili mradi ina tundu la HDMI la skrini na nafasi ya M.2 ya kuchomeka SSD. Bodi iliyolala dukani muda mrefu huenda BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha) haiitambui prosesa hii, kwa hiyo iwashwe mbele yako.

Hatua ya 3: RAM. DDR4 ya 3200, vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Grafiksi ya ndani hukopa RAM, na kwa kijiti kimoja gemu zitakwama.

Hatua ya 4: SSD (hifadhi ya mafaili) ya NVMe, ile inayoingia kwenye M.2, GB 500. Basi.

Hatua ya 5: Pawa saplai. Hapa msibane hela. Zile zinazokuja bure na kesi huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini soma lebo ya pembeni, safu ya volti 12. Ikiwa ni ampea 18, zidisha kwa 12: wati 216, na hizo ndizo zinazolisha prosesa na kadi. Nunua ya kampuni inayojulikana, wati 450 au 550. Alama ya 80 Plus inaeleza ufanisi wa umeme tu, haithibitishi usalama.

MASWALI

Mkuu, si bora ninunue desktopu ya mtumba?
Kama ni Word, Excel na intaneti, ndiyo, kanunue hiyo. Ila usitegemee kuhamisha pawa saplai yake. OptiPlex nyingi (desktopu za ofisini za Dell) zina plagi zao zisizoingiliana na bodi za kawaida.

Nina RAM ya laptopu, DDR4 pia. Itaingia?
Hapana, ni fupi.

Nikiongeza kadi baadaye, 5600G itaikubali?
Itaikubali, ila prosesa hii inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia za kupitishia data kati ya kadi na prosesa. Epuka kadi kama RX 6500 XT inayotumia njia 4 tu. Hapo itapoteza nguvu. Na ukishaifunga, waya wa skrini uuhamishie kwenye kadi.