Namna ya Kusoma Hesabu za Shirika la Posta la Taifa Kabla ya Kulitabiria Kifo

Kila shirika la posta la taifa linapotangaza hasara, mjadala huishia kwenye mambo mawili: uzembe wa menejimenti na ujio wa barua pepe. Yote mawili huwa na ukweli ndani yake, lakini hayamsaidii mtu anayetaka kujua kama shirika linaweza kusimama tena na ni nani atakayebeba gharama za kulisimamisha. Njia ninayoieleza hapa haihitaji shahada ya uhasibu. Inahitaji subira ya kusoma nyaraka ambazo wengi huziruka.

Tafuta taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitano mfululizo, pamoja na sheria iliyoanzisha shirika. Usianze na mstari wa mwisho wa faida au hasara. Anza na maoni ya mkaguzi, na uangalie kama ameonyesha shaka juu ya uwezo wa shirika kuendelea na shughuli zake. Kisha fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa sababu shirika linaweza kuandika hasara kubwa huku likilipa mishahara kwa wakati, na linaweza pia kuandika faida ilhali wanaoliuzia mafuta ya magari wamekaa miezi bila kulipwa.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ni kutenganisha hasara inayotokana na kazi ya kila siku na hasara inayotokana na sheria. Posta ya Marekani ni mfano usio na kifani. Sheria ya mwaka 2006 iliilazimisha kutenga takriban dola bilioni 5.5 kila mwaka, kwa miaka kumi, kwa ajili ya matibabu ya wastaafu wa baadaye, mzigo ambao taasisi nyingine nyingi za serikali hazikubebeshwa. Mwaka 2012 ilitangaza hasara ya dola bilioni 15.9, na magazeti yakaandika kana kwamba barua zimekoma kutumwa. Ukweli ni kwamba dola bilioni 11.1 kati ya hizo zilikuwa michango miwili ya mfuko huo, ambayo hata haikulipwa. Miaka kumi baadaye Bunge lilifuta sehemu kubwa ya deni hilo, na posta ileile ikaandika faida ya dola bilioni 56 bila fedha hizo kuingia benki. Hakuna tarishi aliyetembea zaidi au pungufu kwa sababu ya tarakimu hizo mbili. Hata hivyo, usifanye kosa la upande wa pili na kudhani kwamba sheria ndiyo iliyokuwa ugonjwa wote, kwani mwaka wa fedha wa 2024, mzigo huo ukiwa umeshaondolewa, posta hiyo ilipoteza dola bilioni 9.5.

Ili kuelewa sababu, weka kando fedha kwa muda na uhesabu vitu viwili: idadi ya barua na idadi ya anwani. Huko Marekani barua za daraja la kwanza, ambazo ndizo zenye faida nono, zilifika kilele mwaka 2001 zikiwa zaidi ya bilioni 103, na sasa ziko chini ya bilioni 50. Wakati huohuo anwani mpya zaidi ya milioni moja huongezeka kila mwaka. Mfikirie mpeleka barua katika mtaa mmoja. Zamani alibeba barua tatu kwa kila mlango, na leo anabeba moja, na baadhi ya milango anaipita bila kitu. Mtaa haujafupika, ngazi hazijapungua, na saa zake za kazi zimebaki karibu vilevile, lakini mapato yanayolipia saa hizo yameshuka kwa theluthi mbili. Kwa sababu hiyo, gawanya gharama zote za usambazaji kwa idadi ya anwani, halafu ugawanye mapato ya barua kwa idadi hiyohiyo. Ukiona mstari wa kwanza unapanda na wa pili unashuka kwa miaka mitano yote, umeshaukuta ugonjwa wenyewe, na hakuna mkurugenzi mpya atakayeutibu kwa kubana matumizi ya ofisini.

Hapo utaambiwa kwamba vifurushi vya biashara ya mtandaoni vitaziba pengo. Pokea hoja hiyo kwa tahadhari. Kifurushi huleta mapato makubwa kuliko barua, lakini pia huhitaji magari, nafasi ya ghala na mikono zaidi, na hakina ulinzi wa kisheria dhidi ya washindani ambao barua imekuwa nao katika nchi nyingi. Kampuni binafsi huchagua miji yenye wateja waliosongamana, na posta huachiwa vijiji. Mteja mkubwa naye anaweza kugeuka mshindani, kama Amazon ilivyofanya ilipojenga mtandao wake wa usambazaji. Uliza basi sehemu gani ya vifurushi inatoka kwa wateja watano wakubwa. Shirika likikataa kutoa takwimu hiyo, kimya hicho nacho kiingize kwenye tathmini yako.

Sasa rudi kwenye sheria na usome kifungu kinacholitaka shirika kumfikia kila mwananchi kwa bei moja. Mpango wa bei moja kwa umbali wowote ulianza Uingereza mwaka 1840 kutokana na mapendekezo ya mwanamageuzi wa posta Rowland Hill, na tangu hapo barua ya mjini imekuwa ikiichangia barua ya kijijini. Mpango huo ulidumu kwa sababu barua za mjini zilikuwa nyingi. Zikipungua, mtu mwingine lazima alipe: hazina ya serikali kwa ruzuku, washindani kwa mfuko wa pamoja, au mteja kwa bei ya stempu. Taarifa za fedha zikionyesha kwamba wajibu huo hauna mlipaji aliyetajwa, basi unalipwa na wafanyakazi kwa malimbikizo ya michango ya pensheni, au na magari yasiyofanyiwa matengenezo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote, kwa kuwa haionekani mpaka siku mambo yanapoharibika.

Mapato mengine yakague haraka. Mauzo ya majengo na viwanja huokoa mwaka mmoja tu, kwa hiyo yatoe kwenye hesabu. Huduma za fedha ni jambo tofauti: Poste Italiane, posta ya Italia, hupata sehemu kubwa ya faida yake kutokana na bima na huduma za fedha, si kutokana na barua.

Mwisho, ukiletewa mpango wa kufufua shirika, upime kwa kutazama anayepunguziwa huduma. Mwaka 2025 Uingereza iliruhusu barua za daraja la pili, yaani zile za bei nafuu na za polepole, zisambazwe siku moja na kuruka nyingine, bila Jumamosi, na Kanada, ambayo posta yake ilipata hasara ya dola za huko milioni 841 mwaka 2024, ikatangaza kuhamisha mamilioni ya anwani kutoka mlangoni kwenda kwenye masanduku ya pamoja. Denmark ilikwenda mbali zaidi. Barua zilishuka kutoka takriban bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024, serikali ikaondoa ule wajibu wa kumfikia kila mwananchi, na tarehe 30 Desemba 2025 PostNord, shirika la posta la huko, ikasambaza barua yake ya mwisho nchini humo. Barua zilizosalia zikabaki mikononi mwa kampuni binafsi. Hatua hiyo iliwezekana katika nchi ambayo karibu mawasiliano yote ya serikali na raia yamehamia kwenye sanduku la kidijitali, na hata hapo waliolalamika zaidi walikuwa wazee.

Kwa hiyo, kabla ya kuunga mkono au kupinga mpango wowote, andika pembeni mwa kila pendekezo majibu ya maswali haya: linaokoa kiasi gani kwa kila anwani, linamgusa nani asiye na intaneti, na barua za mahakama, kura za posta na dawa zitapita wapi. Pendekezo lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa waliolileta.