Somo: kitenzi cha Kiingereza GO, hatua kwa hatua (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lile lile: "GO si kwenda tu?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo wanafunzi wangu wa Mwanjelwa, Uyole na Mafinga, somo lote hili hapa.

1. Maumbo: go, went, gone. Baada ya "did" linarudi go: "Did you go?" Usiseme "Did you went?"

2. Mahali hudai "to": go to Tukuyu. Home, here, there na abroad hazitaki. "Go to home" ni kosa.

3. Mpango: "I'm going to plant potatoes", nitapanda viazi. "Gonna" ni mkato wa hii tu na lazima kitenzi kifuate. "I'm gonna Makambako" hakuna.

4. GONE na BEEN. Hapa tulieni, ndipo nami nilipoteleza. "Ameenda Kyela" kwa Kiswahili inabeba mawili: bado yuko huko, au alifika akarudi. Kiingereza kinayatenganisha. "She has gone to Kyela": hajarudi. "She has been to Kyela": amewahi kufika, sasa hayuko huko. Basi kwenye usaili usiseme "I have gone to Dodoma" na wewe umekaa mbele ya msaili. Sema "I have been to Dodoma". Onyo la pili: ukitaja lini, iwe jana au 2019, zote mbili zinaanguka: "I went to Kyela yesterday."

5. Kuharibika au kufifia: milk goes sour, avocados go bad, hair goes grey. Uchovu na uzee havitumii go: get tired, get old.

MASWALI

– Kwa hiyo go maana yake nini?
Soma 1 hadi 5.

– Mimi nilifundishwa gone na been ni sawa.
Si sawa. Rudia mfano wa Kyela, kisha niambie mtu yuko wapi katika kila sentensi.

– Mwalimu, "the alarm went off" ni ilizima? Mbona "the lights went off" ni taa zilizimika?
Swali zuri sana. Tazama kitu chenyewe. Taa: zilizimika. Kengele ya saa: ililia. Bomu: lililipuka. Na Waingereza wakisema "the milk has gone off", yameharibika.

– Nikiinuka mezani nasema "nakuja". Niseme "I'm coming"?
Hapana, mgeni atashangaa kukuona unaondoka. Sema "I'll be right back". "I'm coming" ni ya kumwitikia anayekuita, na hapo usiseme "I'm going".

– Napeleka wageni Ngosi. Njia nayo "ina-go"?
Ndiyo: "This path goes to Lake Ngosi." Ni goes, si "is going", maana njia haihami, ipo hivyo siku zote.