Kuhamisha randa ya umeme kwa chukudu

Nilipohama mtaa wa Birere kwenda Ndosho, mjini Goma, randa yangu, mashine ya kulainisha mbao, ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni chuma kitupu, wanaume wanne hawaiinui.

Usiibebe nzima. Kata umeme, vua mkanda, toa mota. Visu vifunge kwenye kitambaa chenye oili. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzifungua: kwenye mota ya fezi tatu (nyaya tatu za umeme), ukibadilisha nafasi za mbili tu, itazunguka kinyume.

Mwili wa mashine uinue kwa mtaimbo upande mmoja, ingiza bomba la chuma chini yake, kisha jingine, usukume. Linalobaki nyuma lirudishe mbele. Ila uwanja wa Goma ni mawe ya volkano, makali, bomba linakwama papo hapo. Tandika mbao nene kwanza. Na vidole visiingie chini kamwe! Mdogo wangu alibanwa kimoja, ukucha ukang'oka.

Juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma, ilaze katikati ya ubao, ifunge kwa mpira wa tairi. Mteremkoni, wawili wavute kamba kwa nyuma, na mbele asisimame mtu.

Ukifika, weka pima maji juu yake uone kama imekaa sawa, kabla ya kukaza bolti.