Mafuriko "ya miaka mitano" hayana zamu, wakulima wa Tana

Kila nikipita vijijini nasikia maneno yaleyale, maji yashapita sasa tumepumzika miaka mitano. Halafu mtu anachukua mkopo wa pampu anaifunga palepale ukingoni na migomba juu yake. Jamani, mto hauna zamu! Novemba 2023 Tana ilifurika, mwisho wa Aprili 2024 ikafurika tena, nusu mwaka haijaisha, na aliyekuwa amerudisha mbegu zote bondeni akapoteza mara ya pili. Mafuriko ya miaka mitano maana yake kila mwaka una nafasi moja kati ya tano, na mwakani ni hiyohiyo moja kati ya tano hata kama bado unazoa tope ndani ya nyumba.

Mkopo wa miaka mitatu je? Nafasi ya kupita mwaka mmoja bila mafuriko ni nne kati ya tano, yaani 0.8, kupita mitatu mfululizo ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, unapata 0.51. Yaani karibu nusu kwa nusu pampu itazama kabla hujamaliza kulipa.

Hiyo tano inatoka wapi, inatoka kwenye daftari. Kila mwaka andika kimo kimoja tu cha maji, cha juu kabisa. Mwaka uanze 1 Oktoba uishe 30 Septemba, SIO Januari, ndo vuli na masika yake zikae pamoja, kwa hiyo Novemba 2023 na Aprili 2024 ni mwaka mmoja, unachukua kubwa unaacha ndogo. Panga kuanzia kubwa kabisa. Idadi ya miaka jumlisha moja, gawa kwa namba ya kimo hicho kwenye orodha, kikubwa kabisa kikiwa cha kwanza. Una miaka 19 na kimo kilichogusa shamba lako ni cha nne, basi 20 gawa kwa 4, jibu 5. Hesabu hii inahesabu miaka yenye mafuriko, mwaka mmoja unaweza kukupiga mara mbili kama ule.

Na tafadhali msiniandikie "maji kiunoni", kiuno cha nani? Sentimita. Tena msipime kutoka chini, mafuriko yanaacha tope na ardhi inapanda, kipimo kinakudanganya. Piga msumari kwenye shina la mwembe mkubwa, pima kutoka msumari hadi alama ya tope, maji yakishuka tu, kabla mvua haijaiosha.

Miaka ikijaa utajua pampu ifungwe wapi.

Msumari uwe umepigwa kabla ya Oktoba mosi.