Jinsi ya Kuwatazama Nguchiro Wadogo katika Mbuga ya Ziwa Nakuru
Asubuhi na mapema, simamisha gari mbali kidogo na kichuguu chenye matundu mengi, uzime injini na kusubiri jua lipashe udongo joto, kwa maana nguchiro hujianika kwanza kabla ya kutawanyika kufukua mbawakawa, mchwa na nge. Usiwatazame wachimbaji pekee. Mtafute mlinzi aliyepanda juu ya kichuguu au gogo, kwani yeye ndiye anayestahili darubini yako: amwonapo tai hulia, na kundi zima hukimbilia matundu. Kwingineko, katika nyika ya Taru kusini-mashariki mwa Kenya, hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa, huandamana na nguchiro wakila panzi wanaofurushwa, na ndege hao huwatahadharisha nguchiro dhidi ya ndege wawindaji. Usishuke garini wala usiwatupie chakula.