Kesi ya kibanja, mirathi au matunzo Uganda: namna ya kumpata wakili wa bure

Katiba ya 1995 inailazimu serikali kumlipia wakili mtu aliyeshtakiwa kosa la adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Mjane anayenyang'anywa kibanja, yaani kipande anachokalia kwenye ardhi ya mtu mwingine, hamo. Msaada wake unatoka kwenye ofisi zenye mawakili wachache na watu wengi kwenye benchi, na ofisi hizo huchagua. Zinatazama mambo mawili: kwamba kweli huna uwezo wa kulipa, na kwamba kesi yako ina msingi. Yote mawili huonekana kwenye karatasi, kwa hiyo kazi kubwa inafanyika nyumbani kabla hujapanda teksi.

Anza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Maneno "namfahamu, ni mkazi wangu" hayatoshi. Mwombe aandike kijiji, miaka uliyokaa hapo, kazi inayokulisha na idadi ya watu unaowatunza. Hakikisha jina limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Amina wa kwenye barua na Aminah wa kwenye kitambulisho, mahakamani wanaweza kuhesabiwa watu wawili, na kulisahihisha huko kunadai hati ya kiapo na safari nyingine.

Kisha chukua ukurasa mmoja wa daftari uandike tarehe tu, moja kila mstari: lini mlinunua na nani alishuhudia, lini mlilipa busuulu (kodi ya mwaka kwa mwenye ardhi) na risiti iko wapi, lini jirani aling'oa masale ya mpaka, lini mlikwenda LC na wakaamua nini. Wakili akiupata ukurasa huo anaielewa kesi kwa dakika kumi. Bila huo atasikiliza saa nzima habari za ugomvi wa 2009, na foleni ipo nje. Weka namba za simu za mashahidi nyuma ya ukurasa. Peleka nakala. Hati halisi usimwachie mtu yeyote, hata wakili, bila maandishi yaliyotiwa sahihi kwamba ameipokea.

Ukiletewa hati ya wito, andika nyuma yake siku ile ile tarehe uliyoipokea. Kesi ya kawaida ya madai inakupa siku 15 kupeleka utetezi wako kwa maandishi, na hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza ardhi. Wanaikataa hati wakidhani kesi itakufa, au wanasubiri tarehe ya kusikilizwa. Aliyeileta ataapa kwamba uliikataa, na mahakama inaweza kuamua upande mmoja bila wewe. Nenda ofisi ya msaada wa sheria ukiwa bado na siku kumi au zaidi. Ukifika siku ya 14, hata wakili mwema hana la kuandika kwa utulivu.

Kuhusu pa kwenda, FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanza 1974, kinashughulika hasa na wanawake na watoto. Chama cha mawakili, Uganda Law Society, kina Legal Aid Project tangu 1992. Justice Centres Uganda nayo hutoa msaada wa sheria bure. Wakimbizi, mfano waliotoka Congo, waanze na Refugee Law Project. Aliyedhulumiwa kazini aende Platform for Labour Action. Jambo moja watu hawaambiwi: kanuni za 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia wasiojiweza, kwa hiyo kuuliza si kuomba sadaka.

Mambo mengine hayahitaji wakili. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 linapita kwenye utaratibu wa madai madogo kwa hakimu: unampa mdaiwa barua ya kudai, unasubiri siku 14, halafu unajaza fomu, na mawakili hawaruhusiwi kukutetea. Kesi za familia na za ajira hazimo humo. Matunzo ya mtoto anzia kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, yule wengi humwita probesheni. Akishindwa, mahakama ya familia na watoto. Aliyefukuzwa kazi kwa uonevu ana miezi mitatu tu kupeleka malalamiko kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Ardhi ya kimila ianzie baraza la LC2, la parokia, si LC1. Ukianza pasipo na mamlaka, uamuzi unaweza kufutwa baadaye hata kama ulikuwa wa haki. Omba nakala ya uamuzi siku hiyo hiyo, kwa sababu bila nakala rufaa inakwama.

Katika mirathi, usikubali kutolewa nyumbani eti mpaka ukoo ukae. Tangu marekebisho ya 2022 kumfukuza mjane au mgane kwenye nyumba ya familia ni kosa la jinai, na mali ya aliyekufa bila wosia, mbali na nyumba hiyo, ina mafungu: watoto asilimia 75, mjane au mgane 20, ndugu waliomtegemea 4, mrithi wa kimila 1.

Bure maana yake ni kazi ya wakili. Nauli, fotokopi na mpima ardhi huwa juu yako, na ukishindwa mahakama inaweza kukuamuru umlipe mwenzako gharama. Uliza hayo siku ya kwanza. Ada ya kufungua kesi ikikushinda, mwambie wakili aombe ufungue kesi kama maskini: utaorodhesha mali yako yote, hata kuku, na mahakama itachunguza.

Ofisi nyingi hujaribu usuluhishi kwanza. Usitie dole gumba kwenye makubaliano ambayo hujasomewa kwa Kiswahili au lugha unayoielewa, mstari kwa mstari. Mahakamani rekodi ni ya Kiingereza. Omba mkalimani mapema kwa karani.

Piga simu ofisini siku mbili kabla ya kila tarehe. Wakili asipotokea kesi inapoitwa, simama mwenyewe, taja jina lako na umwombe hakimu akupe tarehe nyingine. Kesi ikiitwa na hakuna anayesimama, inaweza kufutwa.